Ananifia Mapema Mno

Kila mtu na ushabiki wake. Wenzangu wana Simba na Yanga, wakifungwa leo wanasubiri mechi ya marudiano. Mimi nimejitia kumshabikia Danny Trejo, yule Mmarekani wa asili ya Meksiko mwenye uso wa makunyanzi, sharubu za kuning'inia na tatuu ya mwanamke wa kofia pana kifuani, ambaye kazi yake kubwa kwenye sinema ni kufa. Mwaka 2019 kuna watu walikaa wakahesabu, wakakuta kafa mara 65, akiwapita waigizaji wengine wote waliowapekua. Sikushangaa. Misiba mingi kati ya hiyo nimehudhuria.

Chukua Anaconda ya 1997. Nimenunua bando, nimebandika maharage, nimekaa. Mtu wangu huyo hapo, jangili ndani ya boti. Nanyanyuka kuongeza maji jikoni, narudi nakuta kashapanda mlingoti na kujipiga risasi mwenyewe ili joka lisimpate. Sinema ndiyo kwanza inaanza! Muda wote uliobaki nimeachiwa Jennifer Lopez na joka. Jennifer sina ugomvi naye, ila sikuja kwa ajili yake.

Desperado ya 1995 ndiyo inayonikera zaidi. Humo anaitwa Navajas, visu vimepangwa kifuani, na hasemi neno hata moja. Hiyo ndiyo raha yake: anakuja barabarani taratibu, anakuangalia, unajua kuna mtu hatakula chakula cha jioni. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, yule anayetafsiri sinema hakuuvumilia ukimya ule. Akamjazia maneno, jamaa akawa anatukana ukoo mzima wa steringi. Nilitamani kudai kiingilio changu. Halafu anakufaje? Anauawa na watu wa Bucho, bosi wa genge, wale wale aliotumwa kuja kuwasaidia, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni mwenzao. Mtu anapoteza maisha kwa sababu ofisi haikutuma taarifa! Mimi mwajiriwa, naelewa.

Ila ukinibana nitaje moja iliyo bora, nitakutajia Heat, ya mwaka huo huo. Ni dereva wa majambazi wa Robert De Niro, na mhusika anaitwa Trejo, hawakuhangaika hata kumtafutia jina. De Niro anamkuta kwake sakafuni, kapigwa vibaya, mkewe keshauawa, na lile jitu la kutisha linaomba limaliziwe. Dakika chache tu, basi. Uso ambao kila siku unatisha watu, leo unaomba. Waigizaji wenye vikombe kabatini wanapewa saa mbili nzima na hawafiki pale. Nani alimpa tuzo? Hakuna.

Na ubabe wake si wa kuigiza. Kafungwa San Quentin, akawa bingwa wa ndondi humo humo gerezani, na ulevi kaacha tangu 1968. Mwaka 1985 alikwenda kwenye upigaji picha wa sinema ya Runaway Train kumtia moyo kijana aliyekuwa akipambana na dawa za kulevya. Akakutana na Edward Bunker, mwandishi aliyefungwa naye, ambaye aliukumbuka ubondia wake. Papo hapo akapewa kazi ya kumfundisha mwigizaji Eric Roberts ngumi, dola 320 kwa siku. Nilimsimulia mke wangu habari hii nikitegemea atavutiwa.

"Yaani alimsindikiza mtu akarudi na kazi," akasema. "Wewe baba watoto kila siku unasindikiza watu, unarudi na nini?"

Mwaka 2010, akiwa na miaka 66, wakamkumbuka, wakampa Machete, akawa steringi. Nilifurahi, sikatai, hasa pale anapochomoka dirishani hospitalini akining'inia kwenye utumbo wa mtu, ingawa sahani yangu ilibidi niiweke pembeni. Lakini steringi hafi, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikajikuta nimetulia, sina wasiwasi naye, na bila wasiwasi sinema haina chumvi. Ndiyo, nalalamika akifa na nalalamika asipokufa. Safu ni yangu.

Kisha nikafika kwenye tamthilia ya Breaking Bad. Mara namwona kichwa kitupu, kimebandikwa juu ya gamba la kobe, kobe anatembea jangwani, polisi wanacheka. Mmoja anakinyanyua kile kichwa. Kumbe kuna bomu.

"Si yule mtu wako?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

"Ndiye."

"Keshakufa?"

"Keshakufa."

"Basi zima hiyo TV, Luku inakwisha."