Kujitafuta kwa Msaada wa Wapagazi

Zamani watu waliambiwa tembea uone. Siku hizi wanatembea wajione.

Mahali panapopendwa kwa kazi hiyo ni kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mgeni hufika alfajiri akitweta, hulia kidogo, hupigwa picha kando ya ubao, kisha hushuka akitangaza kwamba amezaliwa upya. Amejifunza, eti, kuishi na vitu vichache. Vichache hivyo, yaani mahema, meza, viti, mayai na pengine choo cha kubebeka, vimepandishwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wake usiotakiwa kuzidi kilo 20.

Hapo hesabu inagoma. Kama kupanda mara moja humfumbua mtu macho, mpagazi aliyekwea mara mia angekwisha kuwa walii. Yeye hushuka akiulizia bakshishi.

Mpanda milima Mjerumani, Hans Meyer, alifika huko juu mwaka 1889. Mlima haukumbadilisha, yeye ndiye aliyeubadilisha, akakiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wake. Kisha akarudi kwao Ujerumani na jiwe la kileleni.