Mambo Sita Anayoyapima Mnunuzi wa Dar Kabla ya Mizani

Kwa mchumi, mnunuzi mwenye akili hulinganisha bei kilo kwa kilo. Mchumi huyo hajatumwa Tandika jioni, mvua inanyemelea, mfukoni elfu tano. Tuhesabu kurudi nyuma.

6. Nyongeza. Fungu la nyanya ni bei moja soko zima, lakini mikono ya wauzaji haifanani. "Kaka, niongezee, mimi si mteja wako?" Ikidondoka moja ya ziada, hata iliyopondeka, mteja amefungwa mwaka mzima.

5. Nauli. Tuseme mchele umeshuka mia mbili kwa kilo kule Tandale. Mtu wa Bunju anayetaka kilo mbili ataokoa mia nne, konda atazipokea zote na bado atadai. Bora duka la jirani, na maneno yake.

4. Kuku. Wa kisasa huiva kwa wiki tano au sita. Wa kienyeji hutaka miezi, na bei yake inakukumbusha hivyo. Mgeni siku ya kwanza huchinjiwa kienyeji. Ukiona umewekewa kisasa, jua umeshakuwa mwenyeji. Na chotara? Ukoo wake hutegemea anayeuliza.

3. Sembe. Dona lina virutubisho zaidi na mara nyingi ni nafuu, ila ugali mweupe ndio heshima ya meza. Basi tunalipa mashineni pumba zitolewe, kuku anakula pumba, kisha tunamnunua kuku. Kati yetu na kuku, sijui nani kasoma uchumi.

2. Mchele. Hapa bei husalimu amri. Mnunuzi hutia punje kiganjani, hunusa, hutafuna, ndipo auamini ule ubao ulioandikwa "Kyela". Kyela ni wilaya moja kando ya Ziwa Nyasa. Kwa wingi wa mchele wenye jina lake mjini hapa, ingekuwa bara zima. Chenga ni kwa siku za kawaida. Ila ukiipikia shughuli, wakwe watakukumbuka.

1. Kupima kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Mafuta ya kipimo, sukari robo. Jumlisha mwezi mzima, utakuta umelipa zaidi kuliko mwenye dumu la lita tano. Ujinga? Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kuwa mtu huamua kwa muda na taarifa alizonazo, akachukua kinachotosha. Mama wa Mbagala angemwongezea: na kwa hela aliyoshika. Kipato cha siku hununua cha siku. Pesa iliyolala ndani ya dumu haimlipii mtoto nauli ya shule. Tena dumu likijaa, mkono wa mpishi huwa mwepesi, na majirani huishiwa mafuta siku hiyohiyo.

Siku hata hela ya kipimo ikikosekana, Mangi hufungua daftari la madeni. Jaribu kuliulizia supamaketi.