Tusi Lisilo na Damu

Juzi navuka barabara ya Kolwezi, beseni la mahindi kichwani, lori la shaba likafunga breki puani pangu. Dereva, Mtanzania kwa namba za gari lake, akachomoza kichwa dirishani: "Bladifuli!"

"Merci, ndugu," nikamjibu. Nilidhani ananisalimia.

Jioni nikamuuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akacheka hadi kikohozi kikamshika. Fuli ni mpumbavu, akasema. Bladi ni "ya damu". Mpumbavu wa damu! Sasa hapo nani kaumia? Mpumbavu asiye na damu ni yule tuliyekwisha kumzika.

Mwalimu akanipa somo ambalo sikuliomba. Eti Waingereza wengi husimulia kwamba neno hilo la bladi ni kiapo cha Bikira Maria kilichosagikia mdomoni. Watunga kamusi wanakataa, wanasema ni damu tu, hii hii ya mbu. Kuna wakati magazeti yao yaliliandika kwa kistari katikati, kama kinywa chenye pengo. Tarehe 11 Aprili 1914, huko London, Mrs Patrick Campbell alilitamka jukwaani katika Pygmalion, tamthilia ya Bernard Shaw, na ukumbi ukacheka zaidi ya dakika nzima. Baada ya hapo wenye haya wakawa wanasema "Pygmalion" badala ya tusi lenyewe. Leo Mwingereza hulitumia kulalamikia mvua.

Nikajiona nimepunjwa. Kumbe nimetukanwa kwa tusi lililoisha makali kwao, likapoa tena njia nzima ya Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa!

Hapa kwetu Likasi, Kongo, angeniuliza tu, ningempa neno linalouma: mulofwa. Ndugu zetu wa Dar na Nairobi wanasema lofa. Nalo ni la Waingereza vilevile. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, na pamoja na mashine ikatushushia wasimamizi wa Kiingereza na midomo yao. Mulofwa ni mtu asiye na kazi; na kazi, machoni pa bwana, ilikuwa kazi ya bwana. Ulime shamba lako hadi mgongo upinde, kama huna namba ya kampuni, wewe mulofwa. Mabwana wakaenda zao, Jadotville ikawa Likasi, mishahara ikaenda. Neno likabaki, tena limenona.

Jana alfajiri mke wangu akanivuta blanketi: "Mulofwa, lamuka! Umeme umerudi, peleka mahindi kusaga."

Nikaona nimjaribu kwa silaha mpya. "Bladi!"

"Maana yake nini?"

"Ya damu."

Akanitazama kuanzia kisogo hadi kisigino. "Kumbe uko na damu? Basi beba na mufuko wa pili."