Sifa za Mfumo Ambao Haujaiva

Kitu kilichokamilika hakina shida ya wasifuji. Kina watu wa matangazo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Leo namsifu asiye na wa kumsemea: mfumo endeshi wa majaribio, ule unaotolewa kabla haujamalizika kutengenezwa, unaoganda ukifungua faili, unaojizima ukienda kunawa mikono, na ambao kila fundi mwenye akili timamu atakuonya usiupige kwenye kompyuta unayoitegemea. Wanaousema vibaya ni wengi, na ushahidi wanao. Mimi nina mapenzi, na mapenzi hayadaiwi ushahidi.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba huwafanya watu wagombanie tabu. Januari 2009, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, Steve Ballmer wa Microsoft alitangaza kwamba Windows 7 ya majaribio itawekwa wazi kwa kila anayeitaka, ila wasizidi milioni 2.5. Siku ya kuipakua ilipofika, seva zilizidiwa. Kampuni ikaomba muda iongeze mitambo, na hatimaye ule ukomo wenyewe ukaondolewa. Hebu itazameni hiyo bidhaa: mwenyewe anakiri haijaisha, haina dhamana, inaweza kukupotezea kazi yako yote, na bado watu wanaikeshea usiku kucha wakibofya ukurasa usiofunguka. Wapo wafanyabiashara waadilifu, wenye mali safi na mizani isiyoibia, ambao hawajawahi kupata foleni ya namna hiyo hata siku moja.

Huku kwetu jambo lile lilinoga zaidi. Mwezi ule pwani ya Kenya na Tanzania ilikuwa bado haijafikiwa na mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari. Intaneti yetu ilishuka kutoka kwenye setilaiti, kwa bei ya kutisha na kwa mwendo wa kinyonga. Faili la toleo lile lilizidi gigabaiti 2. Kwa laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kwenye ofisi nyingi waligawana watu chungu nzima, gigabaiti 2 tu zingechukua karibu saa 35 mfululizo, umeme usikatike na mhasibu asifungue barua pepe. Kwa hiyo mfumo ulitembea kwa miguu. Mwenye ndugu Dubai aliagiza DVD, akainakili, akampa mwenzake, mwenzake akamnakilia jirani wa duka, na kila nakala iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hadi leo kuna mafundi wanaosalimiana kwa bashasha mjini, na chanzo cha udugu wao ni DVD iliyokwaruzika.

Ukishaupiga na kuuwasha, unakutana na adabu. Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, palikuwa na maandishi madogo: hii ni nakala ya kutathmini tu, toleo namba 7000. Katikati ya kioo, picha ya samaki mwenye mapezi marefu, yupo tu, hana habari na mtu. Hayo maandishi hayakutoka. Ukiandika barua, yapo. Ukitazama picha za harusi, yapo. Nitajieni daraja, ghorofa, ilani ya uchaguzi au bwana harusi aliyewahi kuletwa mbele za watu akiwa na maneno hayo yamebandikwa ubavuni.

Na juu ya kila dirisha palikuwa na kiungo cha kutuma maoni. Kila dirisha, jamani! Unafungua kikokotoo ujumlishe bei ya nyanya, nacho kinataka kujua unakionaje. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo maoni yaliombwa mara moja kwa mwaka, dakika chache kabla ya chai, mwenyekiti akitazama saa yake na sambusa zikipoa nyuma yake. Nikikumbuka kile kikokotoo, nusura nitokwe machozi.

Kwamba maoni hayo yanasomwa au hayasomwi, hilo nalo nitalisifu, msiwe na wasiwasi. Mwaka 2014 Microsoft ilianzisha mpango wa kudumu wa wajaribu uitwao Windows Insider. Mwaka 2018 baadhi ya wajaribu hao waliandika kwamba sasisho jipya la Windows 10 limewafutia mafaili yao. Waliandika mapema, kabla umma haujaligusa. Lakini kwenye utaratibu ule wa maoni kilio kilipimwa kwa kura, na kilio hiki kilipata kura chache. Huenda siku hizo watu walikuwa wanapigania rangi ya kitufe. Tarehe 2 Oktoba sasisho likatoka, nyaraka na picha za watu kadhaa zikafutika kweli, na siku chache baadaye kampuni ikalisimamisha. Wakosoaji wanaona aibu hapo. Mimi naona heshima ambayo manabii wengi hawakuipata: utabiri wao ulipokelewa rasmi, ukawekewa tarehe na kuhifadhiwa salama kabisa, tofauti na yale mafaili. Baada ya hapo wajaribu wakapewa nafasi ya kueleza uzito wa tatizo, ili anayelia kwa kupoteza tasnifu yake asipangwe mstari mmoja na anayelia kwa sababu ya kitufe.

Vyeo pia vipo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2016, kompyuta ya mjaribu ikianguka haikuonyesha kile kioo cha buluu cha watu wa kawaida. Ilionyesha cha kijani. Sababu ya kiofisi ni wahandisi kutambua haraka kwamba picha waliyotumiwa inatoka kwenye toleo la majaribio. Sisi tunakichukua kama sare yetu. Mwaka 2023 likaongezwa daraja la mbele kabisa, likapewa jina la kanari, yule ndege ambaye wachimba makaa walishuka naye mgodini ili hewa ya sumu ianze na yeye. Tofauti ni kwamba kanari alibebwa. Sisi tunajiandikisha wenyewe, na tukichelewa kukubaliwa tunanung'unika.

Zamani heshima hii ililipiwa. Mwaka 1995 Wamarekani waliotaka kuionja Windows 95 kabla haijatoka walitoa dola 19.95, wakapewa rundo la diski za flopi, na nakala yenyewe ilipangiwa kufa Novemba mwaka uleule, mtu akanunue ile kamili kwa fedha nyingine. Septemba 2000 Apple nao wakaileta Mac OS X ya majaribio, mjini Paris, kwa dola 29.95. Juu ya kioo, katikati kabisa ya ule mstari wa menyu, paliwekwa nembo yao ya tofaa. Unaibofya, haifanyi kitu. Unaibofya tena kwa nguvu kidogo, labda haikusikia. Ilikuwa pambo tu, na ilikaa mahali ambapo menyu ndefu za programu zingetaka kupita. Watu walilalamika, na toleo kamili lilipotoka Machi 2001 tofaa lilikuwa limerudi kushoto likiwa na menyu yake. Kulipa dola 30 kasoro senti 5 ili ufahamu kwamba kitu kinaweza kukaa katikati, juu, mbele ya watu wote, na kisiwe na kazi yoyote, hiyo ni elimu ya uraia ya bei nafuu sana.

Wakubwa nao hunyenyekezwa. Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kuionyesha Windows 98 ambayo ilikuwa haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake alichomeka skana, na kioo kikubwa mbele ya ukumbi mzima kikageuka buluu. Watu walicheka, wakapiga makofi. Gates akasema huenda hiyo ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Ilianza kuuzwa miezi miwili baadaye, kwa hiyo msidhani walikaa sana kulitafakari jambo hilo. Lakini nionyesheni bidhaa iliyokamilika iliyowahi kumpa tajiri nafasi ya kuchekwa na umati na kubaki anapendwa.

Na ubishi wa kwamba majaribio hupoteza vitu vya watu usiende mbali mpaka tumkumbuke Linus Torvalds. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alikuwa anautengeneza mfumo wake huku bado anaishi juu ya mwingine, Minix. Siku moja alitaka kompyuta ipige simu chuoni kwa modemu, akaelekeza amri zile kwenye diski badala ya modemu. Diski ikapokea namba ya simu kama ilivyo, sehemu iliyokuwa na Minix ikaharibika. Angeweza kuirudisha. Akaamua kwamba mfumo wake mwenyewe sasa umekua, ujitegemee. Kiini cha Linux leo kimo ndani ya simu za Android zilizojaa mifukoni mwenu, nanyi mnaniambia habari za kupoteza data!

Nyumbani faida ni tele. Mfumo mmoja wa majaribio, ambao jina lake nalihifadhi, uliikana printa yetu waziwazi, kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Baba Neema, ile barua ya shule imetoka?"

"Bado, mama Neema. Kuna kitu kinajitafuta."

"Kinajitafuta tangu asubuhi?"

Akachukua flashi, akatoka nayo kwenda kwa kijana wa stesheneri. Alirudi na barua imenyooka, na pia na habari kamili ya nani kahama mtaani, kwa nini, na godoro lilibebwa na gari la nani. Printa nzima haiwezi kukupa hayo.

Hata muziki uliboreshwa. Ile Windows 7 ya majaribio ilikuwa na kasoro iliyoweza kuumega mwanzo wa baadhi ya mafaili ya MP3, sekunde chache tu, na moja kwa moja, hazirudi. Microsoft ilitoa kiraka upesi na kuwashauri watu wahifadhi nakala za nyimbo zao. Mimi naona waliharakisha bure. Mpenzi wa taarabu anajua kwamba wimbo hauanzi kuimbwa mpaka vinanda, fidla na ngoma viwe vimepeana salamu, vimejuliana hali, vimeulizana na watoto. Kupunguziwa sekunde kadhaa hapo ni huduma. Aliyeumia ni mpenzi wa nyimbo zinazoanza na maneno, na huyo atajifunza subira.

Wenye busara wananiambia, si ungoje tu litoke lililokamilika? Wapi? Tangu 2003 Microsoft imekuwa ikitoa viraka vya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, na hivyo ni vya mifumo iliyokamilika, iliyolipiwa, iliyofungwa kwenye boksi lenye picha ya familia inayotabasamu. Lililokamilika ni la majaribio lililofutiwa yale maandishi ya kwenye kona. Nikiambiwa nichague kati ya mgonjwa anayekwambia anaumwa na mgonjwa aliyepaka poda, nitakaa na yule wa kwanza, walau najua la kumpikia.

Namna lilivyokufa toleo lile la 2009 ndiyo iliyonimaliza kabisa. Siku yake ilitangazwa mapema. Kuanzia Julai 1 kompyuta ilijizima kila baada ya saa 2, bila kuhifadhi kazi uliyokuwa nayo mkononi. Agosti 1 ndiyo mwisho. Mtu ambaye maisha yake yote hakujua kubofya Hifadhi, mwezi ule alibofya kila baada ya sentensi. Aliyezoea kukaa kitini mpaka miguu ife ganzi alisimama, akaswali kwa wakati, akanywa maji. Na mwezi huohuo, Julai 23, kampuni ya SEACOM ikawasha mkongo wake, na Mombasa na Dar es Salaam zikapata laini ambayo ingeweza kulipakua toleo lile pasipo kukesha. Zilikuwa zimebaki siku 9.

Wasiopenda kuachana nalo walikuwa na njia. Mei lilikuwa limeshatoka toleo lililofuata, lililokaribia kuiva, ingawa Microsoft iliwataka wajaribu wasipande moja kwa moja kutoka lile la kwanza: warudi kwanza kwenye Windows Vista, au wafute kila kitu na kuanza upya. Fundi mmoja niliyekuwa nimekaa dukani kwake alilieleza hilo kwa mteja polepole, neno kwa neno, kama inavyopasa mtu anapoambiwa kwamba picha zake zote zinaondoka.

"Na hili nalo litakufa?" mteja akauliza.

"Litakufa, bosi. Machi mwakani litaanza kujizima, Juni linakwisha kabisa."

Mteja akahesabu miezi kwa vidole, akaisukuma kompyuta juu ya meza.

"Piga hilo."