Jinsi ya Kufufua Makro na Kuvuna Sifa

Ofisi imeweka AutoCAD mpya, na makro ya mzee aliyestaafu, ile inayohesabu milango na kujaza jedwali yenyewe, imegoma. Bosi anakutazama wewe. Tulia, ndugu yangu, nifuate.

1. Guna. Guna kwa kirefu ukiwa umekodolea skrini macho, kisha useme, "Hii VBA hii..." na unyamaze. Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Tangu toleo la 2010, AutoCAD haiji na VBA, lugha iliyoandikiwa makro hiyo, ndani yake. Moduli yake unaipakua bure kwenye tovuti ya Autodesk. Hilo usimwambie mtu. Omba siku tatu.

2. Chukua moduli ya mwaka uleule wa AutoCAD yako, na ya biti zilezile. Funga AutoCAD, sakinisha, fungua tena. Andika VBALOAD, chagua faili la mzee lenye mkia wa .dvb, kisha VBARUN. Ikiitika, izime upesi kabla jirani hajachungulia. Leo bado Jumatatu.

3. Haikuitika? Hapa ndipo penye utamu. Kuanzia toleo la 2014, kwenye AutoCAD ya biti 64 VBA nayo ni ya biti 64, na mistari ya zamani yenye neno Declare huwa myekundu kama pilipili. Mtu mwadilifu angepitia mmoja mmoja, aangalie wapi Long ibaki na wapi iwe LongPtr. Wewe chomeka PtrSafe mara baada ya kila neno Declare. Wekundu ukitoka, hayo mengine atayakuta atakayekurithi.

Makosa yakizidi kuchomoza, andika On Error Resume Next ndani ya Sub, juu kabisa. Dawa hii haiponyi ugonjwa, inamziba mgonjwa mdomo. Makro itafika mwisho bila kulalamika, hata ikihesabu milango 11 kwenye nyumba ya milango 14. Nani atakwenda kuhesabu? Fundi seremala, labda, lakini huyo hukutana na bosi mara chache.

4. Juu ya makro kuna mistari ya kijani inayoanza na apostrofi, na humo mna jina la mzee. Usilifute, si uungwana. Ongeza lako chini yake, na tarehe ya leo.

5. Alhamisi, ita watu.

Namba ya simu ya mzee itunze vizuri. Autodesk hutoa toleo jipya kila mwaka, na kila toleo lataka moduli yake.