Honda ya Mzee Breki

Msomaji mwenzangu, hasa wewe unayeishi nyumba moja na wakwe, unajua kwamba mali ya mkwe haiitwi takataka. Ghala letu hapa Makorora, Tanga, lina vifuu vya nazi, magunia, kitanda cha kamba kisicho na kamba, na katikati ya hayo yote, juu ya matofali, ilikuwepo Honda CG125 ya baba mkwe. Wajukuu wamempa mzee jina la Mzee Breki, kwa sababu kila akipakiwa bodaboda hupiga kelele "breki, breki!" kuanzia kona ya kwanza mpaka anaposhuka. Mimi jina hilo nalisikia kwa watoto tu. Mkwe ni mkwe.

Mzee alikuwa bwana shamba. Pikipiki hiyo ndiyo iliyompandisha Amani kwenye iliki na mdalasini na kumteremsha Muheza kwenye michungwa, masika na kiangazi. Macho yalipoanza kumtupa mkono akahamia kwetu, na Honda ikaja naye juu ya Fuso pamoja na kuku. Ikaingia ghalani na petroli yake tenkini, ikalala humo zaidi ya miaka kumi. Na upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na chuma.

Mke wangu ni Mama Zuhura, lakini nyumbani tunamwita Mama Ghala, maana funguo zote ziko kwenye pindo la kanga yake. Mwaka huu amepata friza ya kuuzia barafu na juisi ya ukwaju, na friza inataka nafasi. Usiku mmoja, tukiwa mkekani tunakula, akatoa tamko: pikipiki iwake kabla ya Maulidi, la sivyo wanunuzi wa chuma chakavu wataipima kwa kilo. Mzee hakujibu. Alinawa mikono, wali wake haujafika nusu. Nikajua kazi hiyo ni yangu, kwa sababu sikuwa tayari kumwona yule mzee akiuziwa miguu yake.

Wa kwanza kufika kazini alikuwa shemeji yangu, Spana Kumi. Ana spana moja tu, namba 10, na nati isiyoingia hapo yeye huiona ina kasoro. Sijamaliza hata kuondoa vifuu, keshapanda anataka kupiga kiki.

"Shemeji, shuka kwanza," nikamwambia.

Akapiga. Kiki ikagoma palepale juu, na nusura aende chini yeye na matofali. Injini ilikuwa imejamu.

Hapa niseme kwa uchungu, maana ndipo injini nyingi zinapouawa. Injini ikilala muda mrefu, unyevu huingia, kutu hushika, ringi za pistoni zikang'ang'ania ukuta wa silinda. Ukitumia nguvu ya mguu, ringi zinakatika au silinda inachanika, na kitu ambacho kingepona unakipeleka mwenyewe kwenye mizani ya chuma chakavu. Dawa yake ni subira. Unachomoa plagi, unamimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na oili, kisha unaiacha inyonye. Ukirudi kesho, unaongeza.

Lakini nyumba yetu haijui kusubiri kimya. Mama mkwe akaja na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Kwake mafuta hayo ni tiba ya kila kitu, kuanzia utosi wa mtoto mchanga hadi bawaba za mlango. "Mwanangu, hiyo dizeli inaunguza. Itie haya, italainika." Utamkatalia vipi mama mkwe? Nilimwomba tusubiri alfajiri. Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea, na tulipoamka tulikuta chupa imeganda nyeupe. Mafuta ya nazi hushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kitu cha kuganda hakina kazi ndani ya silinda. Akaelewa, akanipa pole, halafu akayapaka siti yote. Siti imelainika kwelikweli, ila mpaka leo ukikaa unaondoka na alama ya mafuta kwenye suruali.

Tukiwa bado tunasubiri, nikafungua kisanduku cha chujio la hewa. Kilikuwa kimejaa sufi. Lazima nieleze habari ya sufi hii, maana ilishavunja undugu. Kwa muda mrefu mto wa mama mkwe ulikuwa ukipungua, na yeye aliamini ni mjukuu wake, kijana wangu wa kiume, anayeuchokonoa usiku. Akambandika jina la Bwana Panya, na mtoto akaitwa hivyo hadi madrasa. Kumbe Bwana Panya halisi alikuwa na makazi yake ndani ya Honda, na mto wa bibi umehamia humo kidogo kidogo. Ushahidi uliwekwa hadharani uani. Bibi akashika kichwa, na jioni ile mtoto alipikiwa mkate wa kumimina sinia nzima peke yake, wala hakumgawia mtu.

Kabureta ndiyo iliyotuchosha zaidi. Petroli iliyoachwa ndani hukauka, ikabaki gundi ya rangi ya asali yenye harufu ya vanishi, na gundi hiyo huziba jeti. Jeti ndogo, ya kuungurumisha injini bila kuongeza mafuta, ni kipande cha shaba ya njano chenye tundu dogo ajabu. Usiingize sindano humo, maana sindano hupanua tundu, na baada ya hapo pikipiki hainyweshwi vizuri tena. Mimi niliiloweka, nikapitisha uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia, nikapuliza. Kisha nikamwita Zuhura, mwenye macho makali kuliko sote. Akaielekeza jeti kwenye jua, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu. "Baba, naona nukta." Nukta ile ya mwanga ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Ringi, gasketi na mpira wa petroli nilivipata Ngamiani, hapahapa Tanga, bila kuhangaika, na sababu yake inastahili kujulikana. Honda walianza kuuza CG125 mwaka 1976, baada ya kuona jinsi wateja wa nchi zenye barabara mbovu wanavyobebesha pikipiki mizigo na kusahau kuzihudumia. Badala ya cheni ya taimingi inayolegea, wakaweka fito za chuma zinazosukuma vali. Ilikuwa injini ya watu wenye kazi nyingi. Baadaye viwanda vya China viliichukua ramani hiyohiyo, na pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zinatembea na injini ya ukoo huo. Ndiyo maana pistoni ya milimita 56.5 ya Honda ya mzee ina ndugu zake kwenye kila duka la spea.

Nikarudi kwenye injini iliyojamu: nikaweka gia ya juu kabisa, nikawa nasukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Alasiri moja likazunguka, hewa ikatoka kwa kishindo kwenye tundu la plagi. Mzee aliletwa akashikishwa. Akaweka dole gumba juu ya tundu, nikazungusha, akasikia msukumo. "Kompresheni ipo," akasema, akaomba kiti akae hapohapo.

Platini za kukatia moto wa plagi nilizisugua kwa msasa laini, kisha nikapitisha karatasi kavu kuondoa vumbi. Kujaribu moto, plagi inalazwa kwenye chuma cha injini huku kiki ikipigwa. Spana Kumi akaona ni vyema aishike kwa mkono. Mlio alioutoa ulimtoa Mama Ghala jikoni na mwiko wake. Moto ulikuwepo, wa buluu.

Siku ya kuwasha nikamwaga oili ya zamani, nikatia mpya, chini kidogo ya lita moja. Tenki bado lilikuwa na kutu, watoto wakilitikisa na kokoto na maji ya sabuni, kwa hiyo petroli nikaitundika kwenye chupa. Mama Ghala alihamisha jiko la mkaa hadi barazani bila kuambiwa. Kanzu za Ijumaa zilikuwa kambani. Kiki ikapigwa, ikapigwa tena, injini ikakohoa, halafu ikanguruma. Moshi mweupe wa mafuta ya silindani ukajaa uani, na ekzosi ikatema nyumba ya nyigu, masizi na mende wawili juu ya kanzu ya mzee.

Mzee hakuijua habari ya kanzu. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Tepeti zimeachia," akasema. Nikaipoza, nikapima: alikuwa sahihi. Nikazirudisha kwenye milimita 0.08, ikatulia.

Ghala sasa ni la friza. Honda inamilikiwa na barafu: Spana Kumi huitoa asubuhi kupeleka oda, na mimi naachiwa zamu ya kuiosha na kuibadilisha oili. Mama Ghala ameamua hivyo, na sikutarajia vingine. Ijumaa tu ndiyo yangu, nikimpakia mzee kwenda msikitini, naye akidai breki kila kona.

Nawe kama una pikipiki iliyolala kwa baba yako au kwa mkwe, usiipige kiki leo. Chomoa plagi, tia dizeli na oili, subiri. Na kama ndiyo unataka kuilaza, funga koki, uiache iungurume mpaka petroli ya kabureta iishe.