Walimkumbuka Mzembe, Wakanisahau Mimi

Pikipiki yangu ilikuwa inavuja. Si uvujaji wa kumshtua mtu. Ni tone moja moja la oili lililotoka pembeni ya kifuniko cha tapeti, likateremka kwenye mapezi ya silinda kama mgeni anayeaga tangu saa moja na bado yuko mlangoni, kisha likatua barazani. Nimeishi na tone hilo miezi saba bila kugombana. Aliyegombana nalo ni mama watoto, baada ya kununua mkeka mpya.

"Hili doa," akaniuliza, "linahama, au nilihesabie chakula cha usiku?"

Nikaenda kwa fundi pale kijiweni. Gasketi elfu mbili, ufundi elfu tano. Elfu tano! Kwa kufungua bolti na kuzifunga tena! Nikamwambia kazi hiyo naiweza mwenyewe nyumbani. Hakubisha. Akaniuzia gasketi, akanitakia Jumamosi njema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba Jumatatu tutaonana.

Niwaeleze kwanza kuhusu injini yenyewe, maana ndiyo iliyonipa kiburi. Pikipiki ni ya Kichina, lakini ukoo wa injini ni wa Kijapani: imenakiliwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi kama zetu, walipoona kwamba huku mtu hununua pikipiki, akaijaza oili siku ya harusi yake, kisha akaisahau mpaka mtoto anaanza shule. Injini yenye kamu juu kwenye hedi ilihitaji cheni ya kuizungusha, na cheni hulegea na kulika ikikosa matunzo. Basi kamu wakaishusha chini karibu na krenki, na kazi ya kusukuma roka, zile zinazofungua valvu huko juu, wakazipa fimbo mbili nyembamba za chuma. Mafundi wetu wanaziita pushi rodi. Hakuna cheni ya kulegea.

Maana yake ni kwamba kuna wazee walikaa mezani huko Japani, wananijadili mimi. "Huyu bwana ni mzembe," wakasema, "tumtengenezee kitu kisichokufa kwa uzembe." Sikukasirika. Nikasema kama injini imeundwa kuhimili mtu asiyejua kitu, basi mimi na yenyewe tutaelewana.

Jumamosi saa tatu nikatandika gunia uani. Spana ya ringi namba 10, bisibisi, koleo, na sinia la pilau la kuwekea bolti, ambalo habari zake mama watoto alizipata baadaye. Nikashusha tangi, nikafungua kifuniko. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka na kushika kama ukoko, nikaikwangua kwa kisu cha vitunguu. Habari za kisu nazo alizipata.

Hapo kazi ilikuwa imebaki dakika kumi. Mzembe angeweka gasketi mpya, akafunga, akaenda kulala. Lakini mimi nilizitazama zile roka mbili zikiwa wazi mbele yangu, nikatamka maneno ambayo yameua vyombo vingi kuliko kutu: "Kwa kuwa nimeshafungua..."

Kwa kuwa nimeshafungua, nikaamua kuseti tapeti. Kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.08 kati ya roka na valvu, injini ikiwa baridi. Injini ilikuwa baridi kuliko chumba cha mtihani. Unazungusha sumaku mpaka herufi T ikae mkabala na alama yake, pistoni ikiwa juu. Ila T hupita hapo mara mbili, na moja tu ndiyo ya kweli. Ile nyingine inakukuta valvu zimefunguka kidogo. Nilizungusha mpaka roka zote mbili zikawa zinacheza, nikajua hii ndiyo.

Tatizo likawa kipimo. Fila, kile kibati cha kupimia nafasi, sina. Mwanangu wa kidato cha pili akasema, "Baba, karatasi ya gazeti inakaribiana na hiyo." Gazeti la karibu lilikuwa lile lenye safu hii. Nikakata kipande, nikakipitisha chini ya roka, nikakaza mpaka kikawa kinateleza kwa ukinzani kidogo. Miaka yote naandika, wasomaji wanasema maandishi yangu hayana uzito. Sasa angalau yana unene.

Mzembe angeishia hapo. Lakini kwa kuwa nimeshafungua, nikataka kuzifuta na zile fimbo. Nikalegeza roka, nikazichomoa zote mbili kama mishikaki, nikazifuta kwa fulana mpaka zikang'aa. Kuzitoa hakukuwa na shida yoyote. Kesi ilikuwa kuzirudisha. Kila fimbo, huko chini gizani, ina kikombe chake kidogo cha kukalia, nawe huoni kitu. Unapapasa kwa ncha ya fimbo kama mtu anayetafuta tundu la funguo umeme umekatika. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikasema "tik". Nikaiamini.

Nikafunga roka, nikapitisha tena gazeti langu kuhakiki. Upande mmoja likateleza. Upande wa pili likanasa, nikavuta, likakatika. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilisema, "Imebana vizuri."

Nikaweka gasketi, kifuniko, tangi. Majirani walikuwa wameshajaa ukutani. Nikapiga kiki.

Kiki ya pikipiki nzima hukataa kidogo, kama punda. Hii ilishuka laini mpaka chini, kama nimekanyaga muhogo uliochemka. Nikapiga ya pili, ya kumi, ya thelathini. Jirani mmoja akasema plagi. Wa pili akasema kabureta. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema niiuze. Mama watoto akachungulia, akatazama baraza. "Lakini haivuji," akasema.

Kweli, haikuvuja.

Jumatatu nikaikokota mpaka kijiweni. Fundi hakuniuliza kitu, jambo lililoniuma kuliko kama angeuliza. Akafungua, akagusa roka moja kwa kidole, akacheka puani. Fimbo ya pili haikuwa ndani ya kikombe. Ilikuwa imepanda ukingoni, ikaisukuma roka, roka ikaikandamiza valvu isifunge, na pumzi yote ya injini ikawa inapotea. Akailegeza, akaidumbukiza kwa vidole viwili bila hata kutazama, akaseti tapeti kwa kuitikisa tu. Hakuwa na namba wala gazeti. Dakika sita. Ufundi elfu kumi na tano, maana, alisema, sasa hii si kubadili gasketi tena, ni kurekebisha.

Sikubisha. Nilikuwa nawawaza wale wazee wa Japani. Walimkinga mtu asiyebadili oili, asiyekaza bolti, asiyefungua kitabu. Mwenye bidii hawakumkinga. Pengine hawakuwahi kukutana naye. Au walikutana naye, wakaona hakuna chuma cha kumtosha.

Fundi alipokuwa anafuta mikono, akaokota kile kipande cha gazeti kilichokuwa kimenaswa chini ya roka. Akakikunjua, kimelowa oili, akasoma mistari miwili mitatu kwa utulivu.

"Huyu anayeandika hapa," akasema, "naye amelegea kidogo. Angekazwa."

Nikalipa, nikaondoka.